Doa Jeusi Kwenye Leso: Hina, Wanja au Piko?

Katika harusi za Lamu bibi harusi hupambwa kwa hina na piko, yaani michoro myeusi ya ngozini, na kutiwa wanja machoni, kwa hiyo doa jeusi kwenye leso iliyoletwa maabara kuwa kielelezo laweza kutokana na chochote kati ya hivyo. Jicho, hata la somo aliyepamba maharusi wengi, halitoshi mbele ya hakimu.

Hina mimi huiondoa mapema, kwa kuwa lawsoni, kemikali iliyomo katika majani ya mhina, hutoa rangi ya chungwa hadi hudhurungi. Hina inayotoa weusi wa makaa imechanganywa na kitu kingine, hata muuzaji aseme nini.

Wanja hauyeyuki katika spiriti. Punje zake hubaki juu ya nyuzi na huonekana kwa darubini. Wanja wa manga mara nyingi ni galena, yaani salfaidi ya risasi, na kifaa cha eksirei huonyesha risasi hiyo bila kukata hata uzi mmoja. Wanja wa masizi ni kaboni tu, nao hutambuliwa kwa spektroskopia ya Raman, yaani kwa kuumulika kwa leza na kupima mwanga unaorudi.

Kazi hasa iko kwenye piko. Rangi nyeusi ya nywele inayotumika kuchorea piko huwa na parafenilenidiamini, ambayo katika pakiti bado si nyeusi. Hugeuka nyeusi inapokutana na haidrojeni peroksaidi au hewa, molekuli zake, zenye uzito wa 108, zikiungana tatu tatu kuwa besi ya Bandrowski, yenye uzito wa 318. Mchunguzi anayetafuta kemikali ya kwenye pakiti peke yake katika doa la zamani aweza kuikosa kabisa na kuandika kwamba hapakuwa na piko, ilhali ipo mbele yake katika umbo jingine. Ndiyo maana mimi hutafuta zote mbili: hutoa rangi kwa tone la ethanoli ukingoni mwa doa, huipitisha kwenye kromatografia, inayotenganisha kemikali zilizochanganyika, kisha hupima uzito wa molekuli. Sampuli ya pili hutoka sehemu safi ya leso hiyo hiyo yenye chapa nyeusi, kwa sababu leso nayo ina rangi zake za kiwandani.

Matokeo yakilingana na pakiti iliyokamatwa, ripoti yangu husema kwamba yanalingana, wala haisemi kwamba doa limetoka katika pakiti hiyo, kwa kuwa pakiti za aina moja huuzwa katika maduka mengi.