Halii, lakini anaumia: dhana potofu kuhusu hisia za mtoto mwenye sindromu ya Rett

"Halii, kwa hiyo haumii." Tunaanza na dhana hii kwa sababu ndiyo yenye madhara makubwa. Sindromu ya Rett, ugonjwa wa ubongo unaomnyang'anya mtoto usemi na matumizi ya mikono, huwapata hasa wasichana, takriban 1 kati ya 10,000, na kwa kawaida chanzo ni hitilafu katika jeni ya MECP2. Mtoto anahisi, ila maumivu yanaweza kuchelewa kujitokeza usoni au yasijitokeze kabisa. Mifupa yake nayo ni dhaifu, hivyo anaweza kuvunjika mguu bila hata kupiga kelele. Unapomwogesha, mpapase taratibu kuanzia shingoni hadi vidoleni. Tafuta uvimbe, joto lisilo la kawaida, au kiungo anachokivuta ukikigusa. Akianza kulia au kukosa usingizi ghafla, usiseme "ndio ugonjwa wake". Kagua choo (kufunga choo ni tatizo la mara kwa mara), kiungulia, meno na masikio, kisha mpeleke kwa daktari.

"Kusuguasugua mikono ni tabia mbaya." Si tabia, wala hawezi kujizuia. Mikono huzidi kwenda mbio akilemewa na kelele au akisisimka, kwa hiyo punguza kwanza kinachomlemea. Kama anaitia mdomoni mpaka ngozi inachubuka, mtaalamu wa tiba kazi anaweza kumpatia kizuizi laini cha kiwiko cha kuvaa kwa muda mfupi. Kila kikivuliwa, kagua ngozi. Kumfunga mikono kutwa ni kumtesa.

"Haelewi unachomwambia." Hapa wengi humkatia tamaa mapema mno. Kuuongoza mwili utende anachotaka ndiko kunakomshinda, hata kama jibu analo. Mwonyeshe vitu viwili, kimoja kushoto na kingine kulia, uliza mara moja, kisha nyamaza hadi sekunde 30. Tazama macho yametulia wapi. Ukirudiarudia swali unamkatiza.

"Mguse kwa wepesi, asishtuke." Watoto wengi hukerwa na mguso mwepesi wa ghafla, na hutulia kwa kiganja kizima kilichokandamiza kwa uthabiti. Mwambie kwanza, ndipo umguse. Blanketi zito, ambalo nalo hukandamiza mwili, lisitumike akiwa amelala au kama hawezi kulitoa mwenyewe, maana upumuaji wa watoto hawa una hitilafu zake: wengine hubana pumzi au huhema kwa kasi wakiwa macho, na si kwa makusudi.