Flamingo wa Nakuru na korongo taji wa Yala: nani yuko hatarini zaidi?

"Flamingo wamekwisha, lakini korongo taji wako tele." Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, safari hii na mwalimu aliyeleta wanafunzi Ziwa Nakuru. Hapana! Ni kinyume chake, na wanaoumia ni korongo.

Flamingo mdogo (jina la spishi, si kinda) hajaisha, amehama. Hula mwani wa spirulina, unaostawi kwenye maji ya magadi. Ziwa lilipofurika miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, ndege wakaenda Bogoria na kwingineko. Afrika Mashariki bado wanakadiriwa kupita milioni moja. Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani orodha ya kimataifa inayopima hatari ya viumbe kutoweka, inamweka "karibu na hatari".

Korongo taji yuko "hatarini kutoweka" tangu 2012. Nikisema hivyo naulizwa: mbona tunawaona shambani kila siku? Jamani, orodha hiyo haihesabu vichwa tu, inapima kasi ya kupungua. Ndege akipungua kwa nusu au zaidi ndani ya vizazi vitatu, na chanzo hakijakoma, anaingia daraja hilo hata wakibaki maelfu. Tena korongo huishi miaka mingi. Wale wawili wanaodonoa nyuma ya plau yako kila msimu huenda ni walewale, na pengine hawajakuza kifaranga hata mmoja. Hutaga kwenye maji ya kina kifupi, katikati ya matete na ndago. Kinamasi, kama kile cha Yala magharibi mwa Kenya, kikikaushwa kupandwa nduma na mahindi, dume na jike hubaki wakizungukazunguka shambani bila pa kutagia, na wewe unasema wako tele. Ongeza mbegu za mahindi zilizotiwa sumu, nyaya za umeme, na wanaookota mayai.

Kuhusu flamingo, nasitasita. Karibu wote wa Afrika Mashariki huzaliana Ziwa Natron, Tanzania. Natron likiharibika, milioni nzima inakosa pa kuzalia, na daraja la "karibu na hatari" halinionyeshi uzito huo. Hata hivyo, leo hii nikiulizwa nianze na nani, nitaanza na korongo.

Na tafadhali, ukikuta kifaranga wa korongo kando ya kinamasi, mwache. Hajaachwa: wazazi wamejificha karibu, wanakungoja uondoke. Ukimpeleka nyumbani na kumkata mbawa awe pambo la boma, hatazaa, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali.