Kwa nini daktari wa akili huuliza "tangu lini?"

Hapa Dodoma neno Mirembe halihitaji maelezo. Mtoto akizidisha utundu anaambiwa ataishia Mirembe. Watu wakigombana sokoni Majengo, mmoja atamuuliza mwenzake ametoroka Mirembe lini. Ni jina la hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyoanza mwaka 1927, nasi tumeligeuza tusi. Ndani ya tusi hilo wagonjwa wote wanakuwa mtu mmoja: yule anayeokota makopo stendi huku akiongea peke yake.

Mimi pia niliamini hivyo, mpaka siku niliyomsindikiza mama mdogo kliniki. Alikuwa amejifungua miezi miwili nyuma. Nyumbani alikuwa akikaa mbele ya chungu cha mlenda, mwiko mkononi, mpaka mlenda unashika chini na moshi unajaa jikoni, naye hanyanyuki. Mtoto akilia, bibi ndiye anayemchukua. Bibi alisema amerogwa. Jirani akasema anadeka.

Daktari alitusikiliza, kisha akauliza, "Tangu lini, mama?" Halafu: kuna siku anaamka yuko sawa? Aliwahi kuwa hivi kabla ya ujauzito huu? Usingizi ulianza kupotea lini? Maswali mengi yalikuwa ya tarehe, na mimi sikuelewa tarehe zinatibu nini.

Sababu ni kwamba hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, wala skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo. Damu hupimwa ili kutafuta vitu vingine vinavyoweza kuvuruga akili: malaria, sukari, maambukizi, matatizo ya tezi ya shingo. Mtu aliyekuwa mzima jana, leo hajui yuko wapi na mwili unachemka, huyo anatazamwa mwili kwanza, haraka. Ndiyo ile watu husema malaria imempanda kichwani, na inaua. Vipimo vikiwa safi, kinachobaki ni historia, na kila ugonjwa wa akili una mwendo wake.

Sonona ina kizingiti cha wiki mbili. Huzuni ya msiba au ya mazao kukauka shambani ni ya binadamu wote. Lakini huzuni, au kutofurahia chochote, ikikaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kutopita, nguvu kuisha na mawazo kwamba huna thamani au afadhali ufe, huo ni ugonjwa. Baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi kuliko tunavyokubali kusema. Mama mdogo alikuwa hivyo kwa wiki sita. Hakuwa akideka.

Swali la "aliwahi kuwa hivi kabla?" ni mlango wa kutafuta ugonjwa wa hisia mseto, ambao wengi huuita baipola. Mwenye ugonjwa huu ana majira mawili. Kuna kipindi amezama kama mwenye sonona, na kuna kipindi, cha wiki nzima au zaidi, halali na hachoki, anaongea bila kituo, anauza mbuzi wote ili afungue kiwanda cha mvinyo kabla zabibu hazijaiva. Wakati wa furaha hiyo hakuna anayempeleka hospitali. Watu husema ana bidii. Daktari asipouliza habari za kipindi hicho, anaweza kumpa dawa ya sonona peke yake, na dawa hiyo inaweza kumrusha juu tena.

Wasiwasi uliopitiliza una sura nyingi. Wapo wanaohangaika kwa miezi juu ya kila kitu. Wapo wanaoshikwa ghafla, moyo unadunda, pumzi inakata, wanaamini wanakufa, na baada ya dakika chache inapita. Wapo wanaonawa mikono mpaka ngozi inachubuka kwa sababu wazo moja haliwaachi. Na wapo waliopata ajali ya basi au kubakwa, ambao tukio linawarudia usiku na mchana kana kwamba linatokea sasa.

Skizofrenia ndiyo tuliyoifanya kuwa picha ya magonjwa yote. Mara nyingi huanza ujanani: kijana wa chuo anaacha kuoga, anajitenga, kisha anasikia sauti zinazomsema au anaamini wenzake wanamfuatilia. Dalili zikidumu mwezi au zaidi, na si kwa sababu ya bangi, pombe au ugonjwa mwingine, daktari huifikiria. Ina dawa, na akianza mapema wengi hurudi kwenye kazi na familia zao.

Kuna pia yanayoonekana tangu utotoni, kama usonji (autism), na yanayokuja uzeeni, pale babu anaposahau njia ya nyumbani kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Sasa tazama hesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa na ugonjwa wa akili wa aina fulani. Wenye wasiwasi walikuwa milioni 301, wenye sonona milioni 280. Wenye skizofrenia milioni 24. Kwa hiyo mgonjwa wa kawaida hayuko stendi. Yuko jikoni, ofisini, kwenye kwaya, na anaogopa kusema kwa sababu ya lile tusi letu.

Mama mdogo alipewa dawa na tarehe ya kurudi. Bibi, ambaye hajui kusoma, alininunulia daftari la kurasa 48 na kuniambia niwe naandika: siku aliyolala, siku aliyokula, siku aliyomchukua mtoto mwenyewe bila kuambiwa. Hiyo ya mwisho iliandikwa wiki ya nne, Jumanne, na bibi alinitaka nimsomee mara mbili.