Je, wajua kwa nini kilevi kikipigwa marufuku huzidi makali?

Tuseme wewe ni mlanguzi. Una nafasi ya kreti moja tu chini ya shehena ya mboga, na ukikamatwa utafungwa miaka. Utaficha bia au pombe kali? Kifungo ni kilekile na polisi barabarani ni walewale, lakini kreti ya pombe kali italevya watu wengi mara kadhaa kuliko kreti ya bia, na itakuletea pesa nyingi zaidi. Hakuna mlanguzi anayehitaji kufundishwa hesabu hii.

Mwaka 1986 Richard Cowan, Mmarekani aliyekuwa akipigania bangi ihalalishwe, aliigeuza hesabu hiyo kuwa kanuni na kuiita sheria ya chuma ya marufuku: kadiri serikali inavyokaza mkono, ndivyo dawa za kulevya zinavyozidi kuwa kali. Katika mjadala wote wa kuhalalisha au kutohalalisha, hii ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko nyingine, kwa sababu haimtegemei mtu kupenda bangi au kuichukia.

Marekani waliionja wenyewe walipopiga pombe marufuku kuanzia 1920 hadi 1933. Kabla ya hapo bia ilinywewa sana. Baada ya hapo, nani angethubutu kuzungusha mapipa ya bia usiku? Pombe kali ndiyo iliyotawala, nyingine ikipikwa kutokana na spiriti ya viwandani ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeamuru itiwe sumu ya methanoli ili isinyweke. Watu waliinywa hivyo hivyo. Wengine walipofuka, wengine walikufa. Marufuku ilipoondolewa, bia ilirudi mezani.

Barani Asia mambo yalikuwa mabaya zaidi. Afyuni ya kuvuta kwa kiko ina moshi wenye harufu inayopenya kuta, na mzigo wake ni mkubwa. Heroini haina harufu hiyo, inaingia kwenye pindo la nguo, na inaweza kuchomwa kwa sindano dakika moja chooni. Mwaka 1976 daktari wa magonjwa ya akili Joseph Westermeyer alieleza jinsi Hong Kong, Thailand na Laos zilivyopiga afyuni marufuku kwa nyakati tofauti, na kila mahali heroini ikaibuka kuziba pengo. Leo Marekani, heroini yenyewe imesukumwa pembeni na fentanili, dawa inayotengenezwa maabara, yenye nguvu yapata mara 50 zaidi. Mwaka 2021 vifo vya kuzidisha dawa nchini humo vilipita 100,000, vingi vikihusishwa na fentanili hiyo.

Na bangi je? Bangi haijulikani kuua kwa kuzidisha kama fentanili inavyoua, lakini nayo imebadilika. Kinacholevya ndani yake ni kemikali iitwayo THC, iliyotengwa mwaka 1964 na wanasayansi wa Israel, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, THC ilikuwa wastani wa asilimia 4 hivi mwaka 1995. Kufikia 2014 ilikuwa asilimia 12. Mkulima anayekimbia helikopta za polisi huhamia chumbani, chini ya taa, ambako nafasi ni finyu na kila mche lazima ulipe. Hung'oa midume ili majike yasichavushwe, nguvu yote ikajae kwenye maua, kisha huchagua mbegu zenye THC nyingi zaidi. Palepale CBD, kemikali ya mmea huo isiyolevya, ilizidi kupungua.

Marufuku ilizaa pia bangi ya bandia. Unga wa maabara hunyunyiziwa kwenye majani makavu, na kila aina moja ikipigwa marufuku, mkemia hubadilisha molekuli kidogo na kuja na nyingine. Hii imepeleka watu hospitalini kwa degedege na matatizo ya moyo, wakati bangi ya kawaida ni nadra kufanya hivyo.

Watetezi wengi wa kuhalalisha huishia hapa. Mimi siwezi, maana maduka halali ya bangi katika jimbo la Colorado, Marekani, yalifunguliwa Januari 2014 na makali hayakushuka. Yalipanda. Leo huko zinauzwa nta na mafuta ya bangi yenye THC ya asilimia 70 na zaidi. Mfanyabiashara halali hakimbii polisi, anakimbilia faida, na wateja wake wakubwa ni wanaovuta kila siku, ambao miili yao imeshazoea. Hili si jambo dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika miji ya Ulaya na Brazil, ulikuta kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara 5 wa kupata ugonjwa wa akili wa saikosisi, wakilinganishwa na wasiowahi kutumia.

Wala njia ya Ureno, iliyoacha kumtendea mtumiaji kama mhalifu mwaka 2001, haigusi hesabu ya kreti. Imewaokoa watumiaji na jela, na naiunga mkono kwa hilo, lakini muuzaji bado anajificha, na anayejificha hubeba kilicho kidogo na kikali.

Kwa hiyo swali ninaloliona la maana ni nani anashika kipimo. Quebec, Kanada, bangi inauzwa na maduka ya serikali tu, na chenye THC ya zaidi ya asilimia 30 hakiingii rafuni. Uruguay, nchi ya kwanza kuhalalisha bangi kikamilifu, mwaka 2013, ilienda mbali zaidi: ilipoanza kuuza katika maduka ya dawa Julai 2017, kwa gramu zisizozidi 40 kwa mwezi kwa kila mnunuzi aliyejiandikisha, THC yake ilikuwa asilimia 2 hivi. Wanunuzi walilalamika kwamba ni dhaifu mno, na wengi waliendelea kununua kwa walanguzi. Serikali imekuwa ikipandisha kipimo hatua kwa hatua tangu hapo, ikitafuta kiwango ambacho mteja atakikubali bila kurudi kichochoroni.