Je, wajua? Unaweza kusema kweli tupu kuhusu kifungo cha mtu na bado ukaburuzwa mahakamani

Tuseme jirani yako aliwahi kufungwa miaka miwili kwa wizi. Alitumikia kifungo, akatoka, akaanza maisha upya. Leo anagombea uweka hazina wa kikundi chenu, nawe unaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Huyu ni mwizi, alishafungwa." Anakuja juu, anasema atakushtaki kwa kumchafulia jina. Unacheka. Atashtakije na hukumu ipo?

Kicheko hicho kina msingi, ila si imara kama unavyodhani. Katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, ukweli ni kinga kamili dhidi ya madai ya kashfa, yaani kumchafulia mtu jina. Tatizo ni nani anapaswa kuuthibitisha. Mlalamikaji anaonyesha kwamba maneno yalimhusu yeye, yalimfikia mtu mwingine, na yanamshushia hadhi mbele ya watu wa kawaida. Akishafika hapo, mzigo unakuangukia wewe: maneno yako yanachukuliwa kuwa ya uongo hadi uonyeshe kuwa ni ya kweli. (Marekani mzigo huo hugeuzwa mara nyingi pale habari inapougusa umma.) Na usitegemee "nilisikia tu" au "nime-forward tu". Mbele ya hakimu, anayeusambaza uvumi hujibu kama aliyeuanzisha.

Basi unatoa nakala ya hukumu, kesi imekwisha? Uingereza haikuwa hivyo mpaka mwaka 1968, na aliyewalazimisha wabadilishe mambo alikuwa mfungwa. Alfred Hinds alihukumiwa miaka 12 mwaka 1953 kwa wizi katika duka la samani la Maples, London. Alikana katakata. Alitoroka mara tatu, na alipokuwa nje hakuacha kuutangazia ulimwengu kwamba hana hatia, lakini mahakama hazikumsikiliza. Kisha mpelelezi aliyeongoza kesi yake, Herbert Sparks, akastaafu na kusimulia mambo hayo gazetini, akimweleza Hinds kuwa ndiye mwizi. Hapo Hinds akaona upenyo. Akamshtaki Sparks kwa kashfa. Wakati ule hukumu ya jinai haikukubaliwa kuwa ushahidi katika kesi ya madai, kwa hiyo Sparks alilazimika kuuthibitisha upya wizi wa miaka 11 iliyopita, mbele ya jopo jipya la raia. Mwaka 1964 jopo likamwamini Hinds na kumpa fidia ya pauni 1,300. Hukumu yake ya jinai haikufutwa. Mtu mmoja, kosa moja: mahakama moja inasema aliiba, nyingine inamlipa kwa kuitwa mwizi.

Bunge halikuweza kuvumilia kichekesho hicho. Sheria ya ushahidi ya 1968 ikaweka kwamba katika kesi ya kashfa, hukumu ya jinai iliyosimama ni uthibitisho wa mwisho kwamba mtu alitenda kosa hilo.

Lakini angalia inathibitisha nini. Inathibitisha kosa lile, la mtu yule, na si zaidi. Aliyekamatwa si aliyeshtakiwa; aliyeshtakiwa si aliyetiwa hatiani; na aliyetiwa hatiani kisha akashinda rufaa, huwezi tena kumwita mhalifu na kujificha nyuma ya hukumu iliyotenguliwa. Kwa maoni yangu, kesi nyingi zinazowaponza waandishi wa mitandaoni huzaliwa hapa, kwa uvivu tu. "Alitiwa hatiani kwa kuiba fedha za kampuni, akafungwa miaka miwili" ni sentensi inayoweza kusimama juu ya karatasi. "Huyu ni mwizi" inaweza kusomwa kwamba bado anaiba, na hilo karatasi yako haisemi.

Kuna pia balaa la majina. Mwishoni mwa miaka ya 1930 gazeti moja la London liliandika kwamba Harold Newstead, mwanamume wa miaka 30 wa Camberwell, mtaa wa London, amefungwa kwa kuoa mke wa pili wakati wa kwanza bado ni mkewe. Habari ilikuwa ya kweli. Ila Camberwell alikuwepo Harold Newstead mwingine, wa umri unaokaribiana, kinyozi, ambaye hakuwa na kesi yoyote. Gazeti halikutaja kazi wala anwani ya yule mhalifu, ambaye alikuwa mhudumu wa baa. Kinyozi akafungua kesi. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 1940 kwamba kumsema kweli mtu mmoja si kinga, ikiwa msomaji mwenye busara angeweza kuelewa kuwa anasemwa mwingine. Fidia aliyopewa ilikuwa robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote, ishara kwamba wale waliomsikiliza hawakumhurumia sana. Hata hivyo kanuni imebaki, na enzi hii ya kutafuta jina mtandaoni na kubandika picha ya kwanza inayojitokeza, ina makali kuliko wakati ule.

Sasa chukulia kila kitu ni sahihi: jina, kosa, mwaka, kifungo. Bado kuna suala la muda, na hapa ndipo sheria inapogeuka kwa namna inayowashangaza wengi.

Mwaka 1974 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwarudisha wahalifu katika jamii. Wazo lake ni kwamba mtu akimaliza adhabu na kukaa muda fulani bila kosa jipya, hatia yake inahesabiwa kuwa imekwisha muda, naye kwa mambo mengi anatendewa kama mtu ambaye hakuwahi kushtakiwa. Kwa viwango vya sasa vya Uingereza na Wales, kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja hadi miaka minne huisha muda miaka minne baada ya adhabu kukamilika. Jirani yetu wa miaka miwili angeingia humo. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinaruhusu ukweli uendelee kuwa kinga hata kwa hatia iliyokwisha muda, isipokuwa mlalamikaji akithibitisha kwamba uliitangaza kwa nia mbaya. Akiweza hilo, ukweli wako hauna kazi.

Nia mbaya hapa haina maana ya chuki ya kawaida. Majirani wengi hawapendani na hakuna jaji anayeshughulika nao. Kinachopimwa ni lengo kuu la kusema. Ukiwaambia wanachama kwamba anayetaka kushika fedha zao aliwahi kufungwa kwa wizi wa fedha, una sababu ambayo mtu mwenye akili ataielewa. Ukiyasema maneno yale yale kwenye harusi ya binti yake, au ukiyachapisha siku tatu baada ya kugombana naye juu ya mpaka wa kiwanja, lengo linajisema lenyewe. Maneno hayakubadilika hata herufi moja.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya magazeti ya mwaka 1881 ilikuja kupata masharti yaliyomkataza mshtakiwa hata kujaribu kuthibitisha ukweli wa mambo yaliyopita miaka kumi, au wa hatia iliyosamehewa au kufutwa. Baraza la Katiba, chombo kinachopima sheria za Ufaransa dhidi ya katiba, liliondoa zuio la miaka kumi mwaka 2011, likaondoa na hilo la pili mwaka 2013, kwa kuwa yalibana uhuru wa kujieleza kupita kiasi. Nadhani lilifanya vizuri. Sheria isiyouliza hata sababu ya kusema ingewafunga mdomo wanahistoria pamoja na wambea.

Afrika Kusini yenyewe haitosheki na ukweli peke yake: msemaji anapaswa kuonyesha pia kwamba kulikuwa na manufaa kwa umma. Na ndiko ilikotokea kesi ninayoiona ngumu kuliko zote. Robert McBride, mpiganaji wa tawi la kijeshi la ANC, chama kilichopigana na utawala wa ubaguzi wa rangi, alitega bomu lililolipuka nje ya baa mjini Durban mwezi Juni 1986 na kuua wanawake watatu. Alihukumiwa kifo, akaponea, akaachiwa 1992, na mwaka 2001 Kamati ya Msamaha ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ikampa msamaha. Sheria ya maridhiano ilisema wazi kwamba mtu akipewa msamaha, hukumu yake ihesabiwe kama haikuwahi kutolewa. Mwaka 2003 alipotajwa kuwa mkuu wa polisi wa jiji la Ekurhuleni, gazeti la The Citizen liliandika kwamba hafai, kwa kuwa ni muuaji. McBride akadai: kama hukumu haikuwahi kutolewa, basi kuniita muuaji ni uongo.

Alishinda ngazi mbili za kwanza. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ikasema hapana. Msamaha unamwondolea mtu mzigo wa kisheria, ilieleza, lakini haulifuti tukio katika historia, wala hauwanyimi ndugu wa waliokufa neno la kulieleza lililotokea. Tena huyu alikuwa anapewa bunduki na mamlaka. Umma ulikuwa na haki ya kubishana juu yake. Gazeti halikutoka salama hata hivyo. Liliandika pia kwamba McBride hakuwa na majuto, na hilo halikuweza kuthibitishwa. Likaamriwa kumlipa randi 50,000.

Kashfa si njia pekee. Mtu anayejua kwamba hawezi kukana kosa lake mara nyingi hukimbilia sheria ya faragha, ambayo haihangaiki na kweli au uongo. Ujerumani ilifungua njia mwaka 1973: Mahakama ya Katiba ilizuia filamu ya televisheni kuhusu mauaji ya wanajeshi wanne huko Lebach, kwa sababu mmoja wa washiriki alikuwa anakaribia kutoka gerezani na filamu ingeonyesha jina na sura yake. Mauaji yenyewe yalikuwa ya mwaka 1969, na hakuna aliyedai kwamba filamu inadanganya. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaongeza kwamba watu wanaweza kuitaka Google iondoe viungo vya habari zao zilizopitwa na wakati katika matokeo ya utafutaji wa jina.

Kilichobaki ni kumbukumbu za magazeti yenyewe. Mwaka 1994 gazeti la Le Soir la Ubelgiji lilitaja jina la dereva aliyesababisha ajali iliyoua watu wawili. Alitiwa hatiani, na mwaka 2006 akarejeshewa hadhi yake kisheria. Miaka miwili baadaye gazeti likaweka kumbukumbu zake zote mtandaoni bure, na kila aliyeandika jina la dereva akaiona ajali. Mahakama za Ubelgiji zilimwamuru mchapishaji abadilishe jina hilo kuwa herufi X. Julai 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubaliana nazo kwa kura 12 dhidi ya 5, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba amri iligusa nakala ya mtandaoni tu: anayetaka jina la dereva bado anaweza kwenda kwenye hifadhi ya karatasi, akafunua gazeti la 1994 na kulisoma.