Kiharusi cha ujanani na kurudi kuvua samaki: maswali na majibu

Sijafika hata miaka 40. Kiharusi si ugonjwa wa wazee?

Wanaopatwa zaidi ni wazee, lakini ujana si kinga. Katika visa vingi donge la damu huziba mshipa wa ubongo. Katika vingine mshipa hupasuka. Kwa vijana shinikizo la damu na sigara zimo, ila daktari hana budi kuchimba zaidi: vali ya moyo iliyoharibika, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, tundu katika ukuta wa moyo, mshipa wa shingo uliochanika kwa ndani, selimundu, damu inayoganda upesi kupita kiasi, kokeini. Kila chanzo kina tiba yake na masharti yake. Aliyechanika mshipa wa shingo, kwa mfano, asisukume chombo wala kuvuta nanga mpaka daktari amruhusu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nitarudi lini majini?", uliza "changu kilitokana na nini?"

Mkono utarudi baada ya muda gani?

Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi 3 ya mwanzo, kisha mwendo hupungua kuelekea mwezi wa 6. Haikomi hapo, wapo wanaoendelea kupata nafuu miaka kadhaa baadaye, mradi mkono unafanyishwa kazi.

Wengi hupewa mpira wa kufinya. Sisi hatuupendi sana. Mkono uliopooza kisha ukakaza huwa tayari unajua kufumba. Usichojua ni kufumbua. Fanya mazoezi ya kuachia: shika kizibo cha chupa, kipeleke juu ya kikombe, kiachie. Mara 30, pumzika, rudia, mara kadhaa kwa siku. Kikizoeleka, tumia chubwi (kile kizito cha kuzamishia mshipi wa kuvulia), halafu kipande cha kamba. Ubongo hujifunza kwa kurudia tendo lenyewe mamia ya mara.

Ukiweza kunyanyua kiganja na vidole kidogo tu, muulize mtaalamu wa fiziotherapia kuhusu mazoezi ya kuufunga mkono mzima, yaani ule usiopooza. Mkono mzima huvishwa glovu nene kwa sehemu kubwa ya siku, kwa wiki 2 hivi, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mkono usio na mwendo wowote haufaidiki na njia hiyo.

Na asikuvute mtu kwa mkono huo, hata kwa nia njema ya kukupandisha chomboni. Misuli ya bega ikilegea, mfupa huteleza kutoka mahali pake, na maumivu yake hukaa miezi. Akushike kiunoni au kwenye mshipi wa suruali.

Nitajuaje kwamba niko tayari?

Watu hupima nguvu, ilhali kinachomponza mvuvi ni vile visivyoonekana: hisia, macho na mizani ya mwili. Jipime nchi kavu, mtu akiwa kando yako.

Anza na macho. Mwenzako akae mbele yako, umtazame puani, naye atikise kidole pembeni, kushoto kisha kulia. Usipokiona upande mmoja, nusu ya eneo lako la kuona imepotea, na wimbi au chombo kingine kitakujia kutoka huko. Dawa yake ni kuzoea kugeuza kichwa chote, si macho tu. Lipo tatizo gumu zaidi: macho yanaona, ila ubongo unaupuuza upande huo. Mwenye tatizo hili mara nyingi hajijui. Akiacha chakula cha nusu ya sahani au kugonga mlango kwa bega lilelile, familia ndiyo itakayoliona. Huyo asiende chomboni bado.

Kisha mizani. Kaa kwenye kigoda kifupi kisicho na mgongo, mwenzako akusukume bega polepole bila kukuonya. Simama na ukae mara 5 bila kushika kitu. Tembea kwenye mchanga mlaini. Ukishindwa hapo, chombo kinachoyumba kitakushinda zaidi.

Mwisho hisia. Ukiwa umefumba macho, mwenzako akusogeze kidole gumba cha mguu dhaifu juu au chini, useme kimeelekea wapi. Asiyejua mguu wake uko wapi hujikwaa kwenye kamba.

Nitarudi kwa hatua zipi?

Kwanza uani: rusha mshipi wenye chubwi bila ndoano, ukiwa umeketi, kisha umesimama. Halafu ukingoni penye ardhi tambarare, saa 1 tu, asubuhi kabla jua halijakali. Halafu chombo kilichotiwa nanga karibu na ufuo, maji shwari, mkiwa wawili au zaidi. Kuvuta nyavu nzito na kwenda mbali huja baadaye sana, na wengine hawafiki huko. Kwa hao mshipi wa ukingoni bado ni uvuvi kamili.

Kupanda ngazi, tanguliza mguu mzima. Kushuka chomboni, tanguliza ule dhaifu huku mzima ukibeba uzito. Usivae buti ndefu za mpira: zikijaa maji hutaweza kuzivua kwa mkono mmoja. Jaketi la kuokolea maisha livae kabla ya kupanda, liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, na ulijaribu kwanza kwenye maji ya kiunoni, kwa sababu mwili wenye upande mmoja dhaifu huweza kupinduka usivyotarajia.

Navuaje kwa mkono mmoja?

Fimbo iingie kwenye kishikilio cha kiunoni au kilichofungwa ubavuni mwa chombo, mkono mzima ukizungusha uzi. Kwa chambo, pigilia kibao chenye msumari uliochongoka: chomeka samaki hapo, kisha pitisha ndoano. Ndoano nyingi zifungwe nyumbani, kila moja na kipande chake cha uzi. Usikate uzi wala kushika ndoano kwa meno.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuzungusha mshipi kwenye mkono dhaifu ili "ushike vizuri". Samaki akivuta, mkono hukaza wenyewe na haufunguki, na usipokuwa na hisia utajua uzi umekata nyama ukiona damu. Kisu kiwe upande wa mkono mzima, mahali unapofika bila kutazama.

Natumia dawa za kuzuia damu kuganda. Ndoano ikinichoma?

Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kufunua kuchungulia. Ndoano iliyozama, au iliyo karibu na jicho, iache ilipo na uende kituo cha afya. Ukigongwa kichwani, nenda hospitali hata kama unajiona mzima. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu.

Na uvuvi wa usiku?

Bado. Kiharusi huweza kuacha kovu linalozua kifafa, hatari ikiwa kubwa zaidi mwaka wa kwanza, na kukosa usingizi huchochea. Uchovu nao si uvivu: ukivua leo na kesho ukashindwa kuamka, punguza muda kwa nusu. Aliyekwisha kupata degedege asivue peke yake, hata ukingoni.

Kuzamia?

Hapana, mpaka daktari anayejua mambo ya uzamiaji akuchunguze moyo na kichwa.

Kiharusi kikirudi tukiwa majini, wenzangu wafanye nini?

Mwambieni mgonjwa atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Uso ukishuka upande mmoja, mkono ukianguka au maneno yakikorogeka, kateni mshipi na mwelekee nchi kavu, mkiwa mmepiga simu ili usafiri uwasubiri. Andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha donge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu wakati huo. Mlazeni kwa ubavu akitapika au akizimia. Msimpe chakula, maji wala aspirini: koo linaweza kuwa limepooza, na bila picha ya kichwa hakuna ajuaye kama mshipa umeziba au umepasuka.