Sensa iliyotolewa kwenye gari la zamani: maneno ninayoyasikia na ukweli wake

"Fundi, gari laenda vizuri tu, hiyo sensa ni ya nini?"

Neno hili nimelichoka. Huletwa na watu walionunua Corolla 110, Starlet au gari jingine la umri huo mkononi mwa mtu, wakafungua bonneti wakakuta soketi ya waya mbili inaning'inia, haikushika kitu. Wengine hukuta hata soketi haipo, waya zimekatwa na kufungwa tepu. Mara nyingi kilichotolewa ni sensa ya joto la maji ya injini, ile inayozungumza na kompyuta inayoongoza injini.

Gari huwaka bila sensa hiyo kwa sababu walioliunda walijua iko siku waya utakatika. Kompyuta ikikosa habari ya joto hujikisia. Toyota nyingi hushika nyuzi 80 za Selsiasi na kupima petroli kana kwamba injini imeshapata moto. Kazi ya makisio hayo ni kukufikisha kwa fundi, na mimi naletewa magari yaliyoishi nayo miaka.

Na Mombasa yetu husaidia kuficha ubovu. Injini iliyolala nje Tudor au Mikindani haiamki na baridi kali, kwa hiyo haidai petroli nyingi ya kuwashia. Lipeleke gari hilohilo Limuru, kule bara kwenye baridi, mwezi wa Julai, utapiga stata alfajiri mpaka betri ichoke. Hapo mwenye gari hulaumu plagi, kisha pampu, kisha petroli aliyotia njiani, na vyote hivyo hununuliwa vipya huku soketi ikiendelea kuning'inia.

Magari mengine ya zamani hayana makisio hayo. Kwao waya uliokatika husomeka kama baridi kupita kiasi. Kwenye skana, mashine ya kusoma kompyuta ya gari, utaona nyuzi 40 chini ya sifuri, mchana, hapa Mombasa! Kompyuta huamini. Nozeli humwaga petroli, plagi huwa nyeusi, bomba la moshi hujaa masizi, na petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda na kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi kwenye bomba. Gari la otomatiki nalo hukataa kuingia gia ya juu kabisa, kwa sababu kompyuta huizuia gia hiyo mpaka injini ipate moto, na kwa habari inayopata injini haijapata moto kamwe. Kisha mtu aniuliza kwa nini gari lanywa mafuta sana.

Basi nani huitoa? Mara nyingi ni fundi aliyetaka kutibu kuchemka. Gari limechemka kwenye foleni ya feri Likoni, likaletwa, na yeye ajua kwamba magari mengi ukichomoa soketi ile feni huzunguka muda wote. Mshale unashuka, mteja anashukuru, analipa. Rejeta iliyoziba kwa sababu ya kutiwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, haikuguswa. Inazidi kuziba hukohuko nyuma ya feni isiyopumzika, mpaka mota ya feni ife siku moja katikati ya msongamano.

Siku hiyohiyo themostati nayo hutolewa, ile vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Wanasema Mombasa ni joto, themostati ni ya nchi za baridi. Jamani! Themostati za gari hizi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Hewa yetu ikiwa nyuzi 32, bado iko mbali sana na joto ambalo injini inalitaka ili ifanye kazi sawasawa, na joto hilo ni lilelile Mombasa, Nairobi au Tokyo. Ukiiondoa themostati, ukishika barabara kuu kuelekea Mariakani upepo hupoza maji kupita kiasi, kompyuta huongeza petroli, oili haipati moto wa kukausha unyevu. Gari za baadaye kidogo hulalamika zenyewe kwa namba ya hitilafu P0128, yaani injini haifikii joto lake, na mtu huja kwangu akitaka sensa mpya wakati sensa yake ni nzima na inasema kweli: injini ni baridi. Rudisha themostati, tia kulanti, osha rejeta, rudisha feni kwenye mfumo wake. Sitii sensa mpya kwenye gari lisilo na themostati, na nikimwambia mteja hivyo akaondoka kwa hasira, na aondoke.

"Lakini mshale wa joto unafanya kazi, kwa hiyo sensa ipo." La. Kwenye Toyota nyingi za zamani ni vitu viwili tofauti. Cha waya mmoja huendesha mshale wa dashibodi, cha waya mbili huipa kompyuta habari. Nyingine zina cha tatu, swichi ya feni. Mshale waweza kusimama pazuri kabisa huku kompyuta haijui lolote kuhusu joto.

"Gari ni la zamani, haliwezi kusomwa na mashine." Halihitaji mashine. Fungua bonneti utafute kisanduku kidogo cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha tundu zilizoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Mbili, kituo, mbili: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Ikitoa 21 ni ile ya oksijeni, 24 ni ya joto la hewa.

"Mashine imetaja sensa, ninunulie sensa." Mashine hutaja njia nzima, kuanzia sensa mpaka kompyuta. Namba ya hitilafu P0118, kwa mfano, maana yake ni kwamba umeme haupiti kwenye njia ya sensa ya joto la maji: pengine sensa haipo, pengine waya umekatika, pengine soketi imeliwa. Hapa pwani upepo wa bahari hujaza soketi unga wa kijani, na nimeona sensa nzima zikitupwa kwa ajili yake. Kabla ya kununua, washa swichi upime soketi kwa mita. Utafute karibu volti 5. Kisha unganisha waya zake mbili kwa muda, kwa sensa hii ya joto tu, usijaribu kwa nyingine. Kwenye skana usomaji ukiruka kutoka baridi kabisa hadi joto la juu kabisa, waya na kompyuta ni salama, sasa nenda dukani. Sensa ya Toyota hizi ikiwa nzima hupima takriban omu 2,500 kwenye nyuzi 20 na hushuka hadi karibu 300 kwenye nyuzi 80. Itie kwenye kikombe cha maji ya moto uone inavyoshuka, kabla hujalipa.

Kuna wanaotia rezista, kidude chenye ukinzani wa umeme usiobadilika, mahali pa sensa ili kompyuta inyamaze. Kompyuta hunyamaza kweli, maana sasa inaamini joto moja asubuhi na jioni, na gari likichemka kwa kweli halitajua. Nikiikuta naikata.

Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi nayo huambiwa ni ya nchi zinazopima moshi, tundu lake likafungwa kwa boliti. Ile ya mbele ndiyo inayorekebisha petroli kila wakati injini ikiwa na moto. Bila hiyo kompyuta hupima kwa kubahatisha. Na kuchomoa betri ili kufuta hitilafu hufuta ushahidi ambao fundi angeutumia, kisha hitilafu hurudi.

Mwisho, wanaoniambia taa ya injini haiwaki kwa hiyo gari ni zima. Ukienda kutazama gari la kununua, washa swichi bila kuwasha injini. Taa hiyo lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, pengine mtu ametoa balbu au ameibandika tepu kwa nyuma. Mwambie muuzaji akufungulie bonneti, utafute soketi isiyo na mwenzake kabla ya kutoa shilingi.